Mashine za mabango: tuulize bei ya kichwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mashine kubwa za kuchapia mabango, hizi za kurusha wino, ambazo vijana wetu wa Unguja wanazinunua kwa fedha za mkopo.

Mimi ni mchapaji hapa Mlandege. Zamani nilikuwa naandika mabango kwa brashi na rangi ya mafuta. Brashi ikiharibika, unanunua nyingine kabla ya adhuhuri. Mashine haiko hivyo.

Uchaguzi mkuu ukikaribia, kazi za mabango humiminika, na wengi huona hapo ndipo pa kutajirikia. Kabla ya ule wa Oktoba 2020, kikundi kimoja cha vijana ninaowafahamu kilikopa fedha, kikavuka Dar es Salaam na kurudi na mashine iliyokwisha kutumika, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo. Walichapa usiku na mchana. Uchaguzi ulipokwisha kazi ilipungua, mashine ikazimwa na kufunikwa shuka. Walipoiwasha wakati wa masika, manjano haikutoka kabisa, na nyeusi ilitoka mistari mistari. Fundi aliyeletwa kutoka Bara aliwaambia kichwa kimekufa. Bei ya kichwa kipya ilikaribia nusu ya bei waliyonunulia mashine nzima. Mashine ipo hadi leo, inawekewa vikapu juu yake. Deni nalo lililipwa kwa kuuza vitu vya nyumbani.

Kwa kweli, Ndugu Mhariri, kosa halikuwa la mashine peke yake. Kichwa kina matundu membamba kuliko unywele, na wino wake una dawa kali ili ukauke upesi, bango lisifutwe na mvua. Wino huohuo usipotembea hukaukia ndani ya matundu. Ndiyo maana mashine hizi hazitaki kulala. Hata kama hakuna mteja, itolewe karatasi ya majaribio kila siku, na kifuniko cha kichwa na kifutio chake visafishwe. Wapo wanaoona huko ni kupoteza wino. Wino ni rahisi.

Jambo jingine ni umeme. Ukikatika bango likiwa nusu, kichwa hakirudi kwenye kifuniko chake, kinabaki wazi kinakauka. Sote tunakikumbuka kiza cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Waya mpya wa mwaka 2013 ulitupunguzia adha ile, lakini kukatika kwa dakika kumi tu kunatosha kuleta hasara. Betri ya kuirudisha mashine nyumbani kwake ihesabiwe pamoja na bei ya mashine.

Sasa ipi inunuliwe? Mashine za HP za wino wa latex zina vichwa vinavyochemsha wino. Vichwa hivyo huchakaa upesi, lakini ni vya bei nafuu, na mwenye mashine huvibadilisha mwenyewe kwa mkono. Ubaya wake, hula umeme mwingi kwa kukausha wino kwa joto. Za Epson, Roland na Mimaki husukuma wino kwa kipande kinachotikiswa na umeme. Vichwa vyake hudumu miaka vikitunzwa, lakini kimoja kikifa ni msiba. Na nyingi za Kichina zinazoitwa rahisi huvaa vichwa vilevile vya Epson, kwa hiyo urahisi wake huishia dukani. Maoni yangu ni kwamba mwenye kazi ya kila siku achukue hizi za pili, na anayengojea misimu ya uchaguzi na harusi achukue zile za kwanza, au asinunue kabisa, awape kazi wenzake wenye mashine.

Naziomba taasisi zinazowakopesha vijana zidai kuonyeshwa bei ya kichwa na jina la fundi aliyepo hapahapa Unguja kabla ya kutoa fedha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali nayo iwafundishe vijana wachache kuzifungua na kuzisafisha mashine hizi. Nauli ya boti na malazi ya fundi wa Bara tunavilipa sisi, hata akija kukaza skrubu moja.

Mchapaji mabango,
Mlandege,
Unguja.