Pasipo Tiba Pana Matibabu

Ni kosa kumwambia mgonjwa wa saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea kwamba hakuna la kufanya. Kongosho, tezi iliyojificha nyuma ya mfuko wa chakula, huugua kimyakimya; ugonjwa unapotambulika, aghalabu umekwisha fika kwenye ini, na kuukata kwa upasuaji hakufai tena. Hata hivyo, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nusu ya waliopewa mchanganyiko wa dawa nne waliishi zaidi ya miezi 11. Kwa waliopewa gemsitabini peke yake, nusu hawakuvuka miezi 7. Miezi minne inatosha kulima na kuvuna mahindi.

Dawa hizo ni kali, wala hazimfai aliyedhoofika sana. Huyo naye ana haki yake: kijibomba huweza kuwekwa katika mfereji wa nyongo ili umanjano wa macho na mwasho wa ngozi vipungue, na mofini ya kunywa hutuliza maumivu. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini mwaka 2004. Wako bado waganga wanaoinyima kwa kuhofia uraibu. Uraibu gani, kwa mtu aliyebakiwa na majuma machache?