WAGALLA: NANI ALITOA AMRI?

Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, kwa madai ya kusaka silaha. Walizuiliwa siku kadhaa juani bila maji. Wengine wakapigwa risasi. Kwanza Serikali ilikiri vifo 57. Mwaka 2000 Bunge likaambiwa 380. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikasema huenda vilikaribia elfu moja.

Wajane hawahitaji hesabu nyingine. Uchunguzi usiomfikisha mkosaji mahakamani ni kaburi la pili kwa waliouawa. Wabunge na waitekeleze ripoti hiyo. Nasi, makanisani na misikitini, tusichoke kuuliza: nani alitoa amri?