Mswaki Hupimwa kwa Fizi

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, usafi wa kinywa bado hupimwa kwa rangi ya meno, na kipimo hicho kinapotosha kuliko kinavyosaidia. Simiyu imo katika ukanda unaojulikana kwa wingi wa floraidi katika maji ya ardhini, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Floraidi ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia visimani, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, ilhali kwa muda mrefu Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiwango cha shirika hilo wakati meno yake ya kudumu yangali yanajengeka ndani ya taya, huota meno yenye mistari myeupe isiyong'aa, kisha mabaka ya njano au ya kahawia, na hali ikizidi, vishimo. Rangi hiyo imo ndani ya enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, wala si uchafu uliokaa juu yake.

Kwa hiyo mtu aliyekulia Meatu au Maswa, wilaya za mkoa huo, anaweza kuwa na meno ya kahawia yaliyo safi kabisa, na mwingine akawa na meno meupe yaliyosimama juu ya fizi zinazooza. Yule wa kwanza akisugua kwa mkaa, mchanga au mswaki mgumu ili aondoe rangi isiyoondoka, enameli yake hulika na fizi zikarudi nyuma hadi shina la jino likabaki wazi. Na akikata tamaa akaacha kabisa kupiga mswaki, huyapoteza hata yale ambayo floraidi haikuyagusa.

Kazi halisi ya mswaki ni kuondoa ukoga, utando laini wa bakteria unaojijenga upya kila siku, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ukoga ukiachwa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, ambao hauondoki ila kwa vifaa vya daktari wa kinywa na meno. Ufizi ulio jirani huvimba, na mate yanayotemwa asubuhi huwa na wekundu wa damu. Wengi huijibu damu hiyo kwa kuliepuka eneo linalotoka damu, kumbe hapo ndipo panapohitaji mswaki laini ulioinamishwa kidogo kuelekea kwenye ufizi.

Madhara hayaishii kinywani. Ugonjwa mkubwa wa fizi na kisukari huchocheana: sukari nyingi katika damu hudhoofisha kinga ya fizi, na uvimbe wa fizi nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa, kiasi kwamba kutibu fizi hushusha sukari kwa kadiri fulani. Kwa mtu ambaye vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, bakteria wa kinywani wakipenya kwenye damu wanaweza kung'ang'ania vali hizo na kuleta maambukizi yanayoua. Huko Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 katika makazi ya wazee ulionyesha kwamba waliosafishwa vinywa kila baada ya mlo walipata nimonia kwa asilimia 11, dhidi ya asilimia 19 ya wale ambao hawakupewa huduma hiyo. Haki inadai isemwe pia kwamba si kila uhusiano umethibitishwa kuwa chanzo. Kwa mfano, kutibu fizi za wajawazito huwapa nafuu wao wenyewe, lakini majaribio makubwa hayakuonyesha kwamba kunapunguza watoto njiti.

Swali gumu zaidi kwa mzazi wa Simiyu ni kama dawa ya meno yenye floraidi inafaa mahali ambapo maji tayari yana floraidi. Inafaa, kwa kuwa floraidi inayogusa uso wa jino huliimarisha, na inayodhuru ni ile inayomezwa. Mtoto wa chini ya miaka 3 apewe dawa kiasi cha punje ya mchele, na mkubwa wake hadi miaka 6 kiasi cha punje ya njegere, chini ya macho ya mtu mzima, afundishwe kutema. Baada ya kutema hakuna haja ya kusukutua, na hilo ni neema kwa kaya inayochota maji mbali. Mswaki wa mti, uliotafunwa ncha hadi ukawa nyuzi, nao huondoa ukoga vizuri, ingawa hufika kwa shida upande wa ndani wa meno ya nyuma.

Maji ya Ziwa Victoria, ambayo mradi uliokubaliwa kufadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 unalenga kuyafikisha Simiyu, yana floraidi kidogo, na yatawafaa watoto wa kesho. Watu wazima wa leo hawawezi kuyasubiri. Kliniki za kisukari na za wajawazito mkoani zianze kumwambia kila anayehudhuria afunue mdomo, muuguzi atazame fizi, aulize kuhusu damu, na anayeonekana kuwa na ugaga apewe rufaa siku hiyohiyo, kabla jino halijaanza kulegea.