Lubugo Ina Haki ya Kuingia Kanisani

Wenzangu wanafunzi, nanyi wahadhiri wetu, naomba tubishane. Makanisa yetu ya kale hapa Uganda yanapotaka mapazia na vitambaa vipya, nasema vitengenezwe kwa lubugo, nguo ya gome la mtuba, wala si kwa mahameli ya poliesta inayoletwa kwa makontena.

Tuchukue kanisa kuu la Namirembe, lililojengwa kati ya 1915 na 1919. Kuta zake ni za matofali mekundu. Lubugo nayo ina rangi ya udongo uliochomwa. Ukuta na nguo hapo ni ndugu. Mahameli inayong'aa ni mgeni asiyebisha hodi.

Watakaonipinga watasema lubugo ni nguo ya mizimu na mazishi. Ni kweli hutumika huko. Lakini wazee wetu waliitumia pia kama pazia na tandiko la kulalia. Tena, Yesu alizikwa katika sanda ya kitani, na leo kitani ndicho kinachotandikwa madhabahuni. Kama nguo ya kaburi ya Wayahudi imetakaswa, ya Waganda imekosa nini?

Wengine watasema jengo la kale lisiguswe. Waende Chichester, Uingereza. Kanisa kuu la huko liliwekwa wakfu mwaka 1108, na mwaka 1966 likatundika nyuma ya madhabahu kuu vitambaa 7 vya kufumwa vilivyobuniwa na John Piper, vyenye rangi kali na maumbo ya kisasa. Kuta hazikuanguka.

Sisemi lubugo itumike ovyo. Haipendi maji, na ikikunjwa kila mara hupasuka. Kwa hiyo kitambaa cha juu ya madhabahu kibaki cha kitani kinachofulika. Lubugo itundikwe ukutani na mbele ya mimbari, mbali na mishumaa, ishonewe bitana ya pamba. Rangi za majira, kama zambarau ya Kwaresima na nyeupe ya Pasaka, zitiwe kwa vipande na tarizi. Hiyo ni kazi ya mbunifu wa leo.

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu. Tulipiga makofi. Lakini fundi wa ukoo wa Ngonge, anayebandua gome wakati wa mvua, akaufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote gome jingine, kisha akaligonga kwa nyundo za mbao, halishi watoto kwa makofi. Ufundi huishi kwa oda. Mwanawe asipoona wateja, atakwenda kuendesha bodaboda, na nyundo zitakuwa kuni.

Basi kamati za makanisa, kabla ya kuagiza jora jingine kutoka ng'ambo, zitume mtu Masaka akaulize bei. Mkataa kwao ni mtumwa, hata akiwa amepiga magoti kanisani.