Viwanja vya mazoezi vya hoteli: chuma kinaliwa na kutu, mkonge uko Korogwe

Mwenye hoteli ya pwani anayetaka kuwapa wageni wake mahali pa mazoezi nje ya jengo kwa kawaida huanza na orodha ya bei kutoka ng'ambo. Huagiza mashine za kukimbilia, za kuvuta na za kupigia kasia, hulipa nauli ya kontena, ushuru na kodi, kisha huzipanga kando ya bwawa la kuogelea. Masika mbili zikipita, boliti zimeshika kutu, nyaya zimekwama na wageni wanazitumia kuanikia taulo. Mtaji umelala pale juani, na spea ni lazima iagizwe upya kwa fedha za kigeni.

Si kwamba alipunjwa na muuzaji. Mashine nyingi za aina hiyo ziliundwa kukaa katika chumba chenye kiyoyozi, si mita 50 kutoka baharini. Hewa ya chumvi haina simile. Chuma cha pua cha gredi 316, ambacho kimechanganywa na molibdeni, huistahimili, ila bei yake si ya hoteli ndogo. Chuma cha kawaida nacho hufaa iwapo kitachovywa kwenye zinki ya moto baada ya kulehemiwa. Mafundi wengi hununua bomba lililokwisha kuchovywa ndipo wakalehemu. Moto unaunguza zinki na kutu inaanzia palepale kwenye kiungo. Rangi ya fedha inayopakwa juu yake ni ya kumridhisha mteja tu.

Kabla ya kununua kitu chochote, mwekezaji angefanya vema kusimama kwenye kiwanja chake saa 1 asubuhi na tena saa 11 jioni. Hizo ndizo saa ambazo mgeni atafanya mazoezi, kwani katikati ya mchana hakuna atakayetoka. Mkoa wa Tanga uko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo jua linalosumbua wakati wa mazoezi ni lile la chini, la mashariki na la magharibi. Vifaa vielekezwe kaskazini na kusini ili mtu asipigwe jua la macho, na miti ya kivuli ipandwe pande mbili hizo nyingine. Mwembe uliokwisha kukua una thamani kuliko paa la mabati, na bado wapo wachora ramani wanaoukata ili kiwanja kiwe sawasawa.

Halafu kuna suala la ardhi. Zege linapendeza kwenye picha, lakini si mahali pa kuangukia mtu anayeteleza kutoka kwenye chuma cha kujivuta. Mchanga wa mto uliochekechwa, wenye kina cha sentimita 30 na njia ya kutolea maji chini yake, unatosha kwa vifaa vya kimo cha kawaida, mradi uchambuliwe na kusawazishwa kila wiki. Nchi za Ulaya zimekuwa na kipimo chao cha vifaa vya mazoezi vya nje, EN 16630, tangu mwaka 2015, na jambo kubwa ndani yake ni nafasi: mtu aweze kuruka, kuyumba na kuanguka bila kumgonga jirani yake wala nguzo. Nafasi hainunuliwi ng'ambo.

Tukija kwenye mali yenyewe, soko lipo karibu. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kupitia Pangani, na mwaka 1964 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 20,000 hivi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kamba za nailoni na plastiki. Kamba hizohizo za plastiki sasa ndizo zinazoletwa kutoka nje na kuuzwa kwa hoteli kama kamba za mazoezi, huku malori yakipita Hale, Ngombezi na Magoma yakiwa yamebeba singa za daraja la UG na 3L kwenda kuuzwa kama malighafi. Waingereza wanaorusha vishale kwenye baa zao wanalenga ubao wa mkonge. Kilichoshinda ni kumfikishia mwenye hoteli kamba nene ya kupanda, ya kuvuta na ya kutikisa.

Ni kweli kwamba mkonge una udhaifu wake. Ukilowa hunywa maji, hupungua nguvu na hatimaye huoza. Kamba ya kupanda haifai kuachwa nje masika nzima. Itundikwe chini ya paa la makuti, ikaguliwe kila mwezi na ibadilishwe kabla haijaanza kukatika. Kwa mhasibu wa hoteli hiyo ni gharama ya kila mwaka. Kwa msokota kamba wa Korogwe ni oda ya kila mwaka, na oda ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu aongeze mashine ya pili.

Nguzo za mtiki zinapatikana Muheza, kwenye shamba la Longuza, na hazihitaji rangi. Matairi chakavu yamejaa Segera na Korogwe mjini. Vijana wa mitaani nao wana ufundi ambao hoteli huudharau: humimina zege katika kopo la rangi, wanachomeka bomba, wakapata vyuma vya kunyanyua. Jimu changa ya Handeni inaweza kuanza na vyuma hivyo, mradi vipimwe kwenye mizani ili uzito wa kulia uwe sawa na wa kushoto. Vingi havipimwi, na mabega ya vijana ndiyo yanayolipa.

Lakini biashara yenye faida zaidi huenda ikawa ile isiyo na kifaa kabisa, na hapo ndipo Mpale inapoingia. Kata hiyo iko milimani Usambara upande wa Korogwe, na wenyeji hupanda na kushuka na mizigo kichwani njia ambazo mgeni wa Dar es Salaam angezipumulia mdomo. Huko Zürich, Uswisi, mwaka 1968 kampuni ya bima ya Vita iligharimia njia ya msituni yenye vituo vya magogo na mbao za maelekezo: kimbia hadi hapa, ruka gogo hili, jivute mara kumi, endelea. Uswisi sasa ina njia za aina hiyo zipatazo 500. Nyumba ya wageni itakayojengwa Mpale, au hoteli ya Korogwe itakayopeleka wageni juu asubuhi na kuwarudisha kwa chakula cha mchana, inaweza kuwa na njia kama hiyo kwa gharama ya ngazi za mawe, mifereji ya maji na vituo vichache vya mtiki.

Hatari ni kwamba kazi hiyo itafanywa kwa pupa. Njia ya mlimani ikipanuliwa bila mifereji, masika moja tu inaigeuza korongo na udongo unaishia kwenye shamba la mahindi la mtu wa chini. Tena njia hizo ni za kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji, na makubaliano ya mdomo na mtembeza wageni hayatoshi. Mwekezaji anayelipa milioni kadhaa kwa mashine moja ya kukimbilia hana sababu ya kushindwa kuandika mkataba unaolipa kijiji kwa kila mgeni, na kuwaajiri vijana wanne wa kufyeka na kuzibua mifereji mwaka mzima.

Wapo watakaosema mgeni anataka mashine kama alizozizoea kwao. Baadhi wanazitaka, na hao watengewe chumba kidogo chenye mashine mbili zilizo nzima. Wanaotaka kujenga nje wanayo miezi ya Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu na kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Kamba ya mkonge ikiagizwa Korogwe haisubiri meli.