Ondoeni Hiyo "Tu"

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Dranya, wilayani Koboko, nikiwa na daftari na maswali ya zoezi la darasani. Swali la kwanza lilikuwa fupi: "Je, una kazi?" Nilianza na jirani yetu, mama mtu mzima ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni. Nilimkuta akimenya mihogo ya kukausha. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kupalilia karanga na kuteka maji mara mbili. Alinitazama, akacheka, akasema, "Hapana, mwanangu, kazi sina. Niko nalima tu."

Nikaandika: hana kazi. Nyumba ya pili nikaandika hivyo hivyo, na ya tatu pia. Jua lilipotua, daftari langu lilikuwa na kijiji kizima cha watu wasio na kazi, na miongoni mwao sikuwa nimemwona hata mmoja aliyekaa bure. Aliyekaa bure siku ile nilikuwa mimi, mwenye kalamu.

Naandika insha hii kwa sababu ya daftari lile. Kosa lilikuwa langu na la swali langu. Lakini nimeona kwamba kosa hilo tunalirudia wengi: redioni, mikutanoni, hata katika insha zetu za chuo. Mtu anachukua majedwali ya sensa au ya nguvukazi, anasoma mstari mmoja wa ajira, kisha anatangaza kwamba vijana wa West Nile hawafanyi kazi. Napinga usomaji huo. Sensa haisemi hivyo; sisi ndio tunaoisemea.

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kina kazi, kina ajira, kina kibarua, kina shughuli. Hayo si majina manne ya kitu kimoja. Ajira ina mwajiri au ina mapato. Kibarua kina malipo ya siku. Kazi ni pana kuliko yote: methali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hakuna anayedhani kwamba mgeni huyo amepewa jembe ili apumzike. Tena wahenga walisema kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani. Lakini mtu anaposoma takwimu na kusema "hawana kazi" mahali palipoandikwa "hawana ajira", amefuta kwa neno moja jembe la mama yule.

Wataalamu wenyewe hawakufanya kosa hilo. Oktoba 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani huko Geneva, ulitenganisha kazi na ajira kwa makusudi. Kwa mgawanyo huo, anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anahesabiwa kuwa anafanya kazi, ila hahesabiwi kuwa ana ajira. Anayelima hasa kwa kuuza ana ajira. Shirika la Takwimu la Uganda, UBOS, lilitumia mgawanyo huo katika Utafiti wa Taifa wa Nguvukazi wa 2016/17. Matokeo yake yanafundisha: watu karibu milioni 15 walikuwa wakifanya kazi, lakini walioingia katika safu ya ajira walikuwa karibu milioni 9. Karibu milioni 6 waliobaki si wavivu. Ni wenye majembe. Wako kwenye jedwali, safu moja tu pembeni, ila msomaji mwenye haraka hafiki huko.

Nitaambiwa na wenzangu wa uchumi kwamba mgawanyo huo una faida. Nakubali. Zamani, kila mwenye shamba la mihogo alipoitwa mwajiriwa, nchi ilionekana kana kwamba haina tatizo la ajira kabisa, na serikali ingeweza kulala usingizi. Sasa tunaona ni wangapi wasio na senti mkononi ingawa wanatoka jasho kila siku. Hiyo ni habari ya maana. Ugomvi wangu ni na mtu anayeibeba habari hiyo kutoka jedwalini hadi jukwaani, na njiani inageuka kuwa tusi.

Tusi hilo lina historia kwetu. Wakati wa ukoloni, vijana wa West Nile walisafirishwa kwenda kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi. Walipokuwa kule, waliitwa nguvukazi na wakahitajiwa. Kijana yule yule akirudi nyumbani na kulima mtama wa mama yake, anageuka kuwa mtu asiye na kazi. Mikono haikubadilika. Kilichobadilika ni mwenye shamba.

Mtu atauliza: kuna hasara gani, iwapo ni maneno? Hasara ipo, na ni ya fedha. Februari 2022 serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, yaani mpango wa kupeleka mitaji hadi kwenye ngazi ya vijiji vichache vinavyoungana. Hoja yake ilikuwa takwimu: asilimia 39 ya kaya za Uganda zilikuwa nje ya uchumi wa fedha. Kila parishi ikapangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Sikatai nia hiyo. Naukataa ugawaji. Parishi yenye watu wengi na parishi yenye watu wachache zilipangiwa kiasi kile kile. Takwimu zilitumika kueleza ukubwa wa tatizo la nchi nzima. Ulipofika wakati wa kugawa, zikarudishwa kabatini.

Ndivyo ilivyo pia kwa mafunzo ya ufundi. Kila mradi unaotufikia huja na vyerehani. Vijana wanafundishwa kushona, wanapewa vyeti, kisha wanakaa wakitazamana kwenye veranda za maduka, mafundi wengi kuliko nguo. Hakuna aliyeuliza kwanza Dranya ina mafundi cherehani wangapi, mafundi bomba wangapi, na ni wangapi wanaoweza kutengeneza pampu ya maji ikiharibika. Maswali kama hayo ndiyo sensa inayoweza kuyajibu kuliko chombo kingine chochote. Utafiti wa sampuli hauwezi: kaya zinazochaguliwa ni chache, kwa hiyo unaweza kuzungumzia West Nile kwa jumla, si kaunti ndogo ya Dranya. Sensa inabisha hodi kila mlango. Anayesema sensa haina maana kwa watu wa vijijini anakitupa chombo pekee kinachofika kijijini.

Lakini chombo hicho kinataka msomaji mwangalifu, na hapa nawageukia wanafunzi wenzangu, mimi nikiwa wa kwanza kwenye mstari wa wakosaji.

Kwanza, tuangalie mipaka. Sensa ya 2002 ilipofanyika, Koboko ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Arua. Ilipata kuwa wilaya mwaka 2005. Watu wake walikuwa karibu 129,000 mwaka 2002, na mwaka 2014 walizidi 206,000. Arua nayo ilihesabiwa na watu zaidi ya 780,000 mwaka 2014, kisha ikakatwa: Madi-Okollo ikaondoka 2019, Terego na Jiji la Arua 2020. Mwanafunzi anayelinganisha wafanyakazi wa "Arua" ya 2014 na wa "Arua" ya 2024 bila kuunganisha vipande hivyo ataandika kwamba watu wametoweka. Hawakutoweka. Jina limebaki, ardhi imegawanywa.

Pili, tuangalie tarehe. Sensa ya 2014 ilifanyika mwishoni mwa Agosti, ile ya 2024 katikati ya Mei. Kwetu Mei ni palizi, Agosti ni mavuno ya kwanza. Ukimuuliza mkulima alifanya nini juma lililopita, jibu la Mei si jibu la Agosti, na yule aliyevuna na kupeleka gunia sokoni anaweza kuonekana mfanyabiashara katika sensa moja na mkulima wa kujilisha katika nyingine. Tena kati ya sensa hizo mbili mambo mengi yalipita. Julai 2016 vita vilirudi Juba, na Agosti mwaka huo yakafunguliwa makazi ya wakimbizi ya Bidibidi katika wilaya jirani ya Yumbe, yakapokea zaidi ya watu 270,000. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi. Soko la vibarua, la matofali, la boda boda na la mihogo likabadilika mbele ya macho yetu, na bado kwa miaka mingi tuliendelea kunukuu majedwali ya 2014 kana kwamba hakuna aliyevuka mpaka.

Tatu, tuangalie mpaka wenyewe. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Ni kanuni nzuri, inazuia mtu kuhesabiwa mara mbili. Lakini Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Mtu analala Koboko, anauza Kaya, ananunua Ingbokolo. Jedwali la kazi linamwona pale alipolala na kuuliza kwa nini hapo hapana soko. Soko lipo, liko mwendo wa pikipiki, upande wa pili wa bendera. Kwa hiyo takwimu za sensa kwa wilaya kama yetu zisisomwe peke yake. UBOS na Benki Kuu ya Uganda hufanya utafiti wa biashara isiyo rasmi ya mipakani. Karatasi hizo mbili ziwekwe juu ya meza moja, ndipo tutaanza kuiona Koboko.

Sasa nataka nini? Kwa wahadhiri wetu, naomba insha yoyote inayotaja ajira ya mkoa wowote irudishwe kwa mwandishi ikiwa haikushuka chini ya ngazi ya wilaya na haikusema mipaka ni ya mwaka gani. Kwa viongozi wetu, naomba kila wanaposoma idadi ya wasio na ajira, wasome papo hapo idadi ya wanaofanya kazi bila ajira. Pumzi moja inatosha kwa zote mbili. Na kwetu sisi wa Kiswahili kuna kazi ambayo wachumi hawawezi kutufanyia. Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika katiba tangu 2005, na huku West Nile kinasemwa sokoni na kambini kila siku. Maswali ya watu wetu yanapoandikwa kwa Kiswahili, tuyaandike sisi, tena vizuri. Tusimuulize mama "Je, una kazi?" Tumuulize: "Juma lililopita mikono yako ilifanya nini?" Kisha: "Ulichovuna, zaidi ni cha kula au cha kuuza?" Kisha: "Ulikiuza wapi?" Ni maswali matatu mepesi, na majibu yake yanatosha kumweka kwenye safu inayomstahili.

Kabla sijarudi chuoni, nilikwenda tena kwa jirani yule na maswali mapya. Alijibu kwa muda mrefu. Alihesabu kwa vidole: mihogo, karanga, simsimu, kuni, maji, wajukuu wawili, na gunia moja alilouza ng'ambo. Vidole vilikwisha, akaanza upya mkono wa kwanza. Mwisho akaniuliza kama bado nataka kuandika kwamba hana kazi.

Nilifuta mstari ule mbele yake. Ninyi nanyi, mkifungua majedwali ya sensa, ifuteni hiyo "tu".