Maksi za Huruma

Mtu akishaniambia "lakini hii ni filamu yetu," najua hoja zimemwishia. Yetu, sawa. Ugali mbichi wa shangazi nao ni wetu, mbona tunaurudisha jikoni?

Mimi kila filamu niliyoiangalia mpaka mwisho naipa maksi kwa kumi, na huku Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, kuna watu wananiona msaliti kwa sababu ya hizo maksi. Kesi kubwa ni Dar 2 Lagos ya mwaka 2006. Niliipa tano. Jamani, Kanumba nilimpenda, na alipofariki Aprili 2012 nililia kama wengine. Alikuwa na sura ambayo kamera inaitaka, akathubutu kuigiza na Mercy Johnson wa Nigeria wakati wenzake wengi wanarekodia sebuleni. Tano zote ni za hayo. Marehemu haongezewi maksi kwa kuwa marehemu.

Na lile geti! Wapenzi wa Bongo Movie mnalijua. Gari linafika, honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anatembea hadi mlangoni, anabisha hodi. Hakuna kilichotokea. Mnasema ni uchanga wa sanaa, mimi nasema ni biashara: hadithi moja ilikatwa Part 1 na Part 2 ili mteja anunue mara mbili, basi lazima dakika zijazwe. Tukasifia, tukanunua, geti likaendelea kufunguliwa.

Ninyi wasomaji wa riwaya msicheke. Huruma yenu imevaa suti tu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipofika Toronto mwaka 2021, kila niliyemuuliza alinijibu kuhusu Toronto. Filamu je? Mimi naipa saba. Picha zake ni nzuri mno, na Siti Amina akitokea kama Mwajuma, unasahau kama anaigiza. Ila filamu inaupenda mwanga na kivuli kuliko inavyowapenda Yasmin na Denge. Mara kadhaa wapenzi hao wamesimama kama picha ya ukutani, nami nangoja wagombane. Wanaodai saba ni chache kwa sababu Adam Shafi ni mkubwa wanampa maksi Adam Shafi. Yeye alishazipata kwenye riwaya.

Kibanda umiza ndiko kwenye haki. Kijana aliyelipa hela yake akichoka na filamu anapiga mluzi au anatoka, haulizi imetengenezwa na ndugu yake au Mkorea. Anayetoa maksi za huruma ni sisi tunaoandika, kisha tunashangaa kijana yule harudi.

Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, naipa nane, tena bila kumhurumia mtu. Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa asiyesema neno, na ule ukimya unambana daktari aliyetoka Marekani kuliko maneno yoyote. Mbili nimezikata kwa sababu kuna mahali filamu inaanza kutufafanulia mizimu, kama vile sisi ni wageni.

Binti ya Seko Shamte: sita na nusu. Hiyo nusu mnaweza kunibishia.